Vyuo Vinne Vinakukaribisha

Kikao cha kwanza cha kozi yetu ya mtandaoni kilifanyika Dodoma, kwa sababu vyuo vyote vinne vilikubaliana kwamba Dodoma ni katikati. Wajumbe waliotoka mbali walifika na vumbi mabegani, na hoja hiyo hawakuirudia tena.

Mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji. Niliagiza chai, chapati na zabibu za Makutupora, na kwenye ajenda nikaweka jambo moja tu: kozi ya kuwahudumia wagonjwa wa kisukari majumbani, kwa ajili ya wahudumu wa afya wa vijijini, ifundishwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Nilikuwa na sababu yangu na sikuificha. Mdogo wangu ni mhudumu wa afya kijijini, upande wa Mvumi. Anaishi na mama yetu, ambaye ameshakatwa kidole kimoja cha mguu kwa sababu ya kisukari, na sasa kuna kidonda kingine kisiginoni. Nyumbani wanazungumza Kigogo. Semina zake zote amezipata kwa Kiswahili. Kiingereza aliachana nacho kwenye mtihani wa kidato cha nne, na hawakuachana vizuri. Kila wiki alikuwa ananiuliza kozi inaanza lini, nami namjibu kwamba tuko kwenye hatua nzuri.

Hatua nzuri yenyewe ilikuwa hivi. Siku ya kwanza tulijitambulisha. Kila mtu alitaja jina, chuo, cheo chake, na cheo anachokaimu. Siku iliyofuata tulijadili nembo ya chuo gani itangulie. Mjumbe mmoja akapendekeza zipangwe kwa mduara. Mwingine akauliza mduara huo utaanzia wapi. Lilikuwa swali zuri, likatufikisha chakula cha mchana.

Suala la lugha lilikuja baadaye, watu wakiwa wameshiba. Mjumbe kutoka pwani alisema Kiswahili hakina maneno ya kutosha kwa kozi ya kiwango hiki. Alilieleza hilo kwa Kiswahili kitamu sana, kwa muda mrefu, bila kukwama hata mara moja. Nilimuuliza ni neno gani lililompungukia. Mwenyekiti, mtu mpole ambaye hajawahi kumkatisha mtu yeyote isipokuwa mimi, akaniomba jambo hili nisilifanye la binafsi. Lakini lilikuwa la binafsi. Mguu ulikuwa wa mama yangu.

Mwishowe tukafikia mwafaka, na mwafaka ndio uliotumaliza. Masomo yaandaliwe kwanza kwa Kiingereza, tafsiri ifuate katika awamu ya pili. Ili kozi isikose Kiswahili kabisa, mkuu wa kila chuo arekodi hotuba ya ukaribisho kwa Kiswahili, kwa kuwa wananchi ndio watakaoitazama. Sijui kama kuna watu wengine duniani ambao wangeihesabu hiyo kuwa nusu ya kozi. Sisi tuliihesabu. Kwetu mgeni hafundishwi kitu kabla hajakaribishwa, na hawezi kukaribishwa na mkubwa mmoja wakati wakubwa ni wanne. Nilipinga, nikazidiwa kura, nikakasirika hadi nikazikataa zabibu nilizoziagiza mwenyewe.

Hotuba zilirekodiwa kwa uangalifu mkubwa. Mkuu mmoja alilazimika kuanza upya kila upepo ulipompeperushia tai usoni. Kila mmoja wao alisema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia tena, cheo kwa cheo. Masomo yalirekodiwa kwa siku zilizobaki, haraka haraka, kwa Kiingereza cha mtu anayewahi basi.

Kozi ilipofunguliwa, ukurasa wake ulikuwa na lugha mbili kama tulivyoahidi. Kwenye taarifa ya mradi tuliandika kwamba lengo limefikiwa. Awamu ya pili haikutajwa tarehe.

Jumamosi asubuhi mdogo wangu akanipigia simu. Aliniamkia kama kawaida, akanipongeza. Alikuwa ameweka bando, akajiandikisha, akazitazama hotuba zote nne hadi mwisho. Aliisifu sana sauti ya mkuu wa tatu. Hakuwa na kinyongo chochote, na hilo liliniumiza kuliko kama angenigombeza. Alisema somo la vidonda amelipata, na ndani yake kuna picha ya mguu unaofanana kabisa na wa mama, na mshale mwekundu unaoelekea kisiginoni, na pembeni ya mshale kuna maelezo marefu. Maelezo hayo hakuyaelewa. Kisha nikamsikia mama akiguna karibu na simu.

“Dada,” akasema, “nimeshakaribishwa na vyuo vinne. Mguu wa mama nimeupakata hapa, bandeji nimeshaitoa. Sasa nifanye nini?”