Mavi ni ya Otai, Ng'ombe ni wa Ochwo

Bartholomew Ochwo wa Nagongera hakuwahi kumwambia ukweli mtu mwenye kalamu, na kwa jambo hilo alijihesabu mtu mwadilifu. Kalamu, kwa uzoefu wake, haiji nyumbani kwa mtu kuleta kitu. Ya kwanza aliyoikumbuka ilikuja kuandika kodi ya kichwa. Nyingine ikaandika walioumwa na mbwa wa kichaa, ikaondoka, na wale walioandikwa wakangoja dawa mpaka mbwa mwenyewe akafa kwa uzee. Basi mgeni akitoa tu kalamu mfukoni, Ochwo papo hapo alikuwa na shamba dogo, kifua kibovu, na ng'ombe hana hata mmoja.

Ng'ombe alikuwa nao. Wangapi, hapa hapasemwi, kwa kuwa ng'ombe wa mtu hawahesabiwi kwa sauti. Ukiwahesabu unauonyesha ugonjwa mahali pa kuanzia. Itoshe kusema walitosha kumwozea mtoto wa kiume bila baba mtu kutoa jasho. Ila hawakulala kwake. Walilala Mella, kwa rafiki yake Otai, mtu mrefu wa kabila la Wateso, mwenye zizi kubwa lisilo na ng'ombe wa kutosha kulijaza. Kulaza ng'ombe kwa rafiki ni desturi ya zamani huku kwetu, na sheria yake ni fupi kuliko amri ya kwanza: maziwa na mavi ni ya mlezi, ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe. Hakuna karatasi, hakuna kidole gumba. Desturi hii inamkinga mtu na wezi, inamkinga na ndigana, ile homa ya kupe, na zaidi ya yote inamkinga na mashemeji wanaopita njiani kwa bahati mbaya saa za kula.

Siku moja ikaja gari nyeupe ya mradi, na ndani yake Phiona, binti wa Tororo mjini aliyesoma uchumi mpaka vyuo vikamwishia. Phiona hakuja na kalamu. Alikuja na kompyuta, lakini Ochwo aliitambua kalamu hata ikivaa kioo.

"Mzee, uko na ng'ombe?"

"Ng'ombe? Madam, mimi hata kuku naazima."

"Na ile bonde kule chini unalima nini?"

"Imelala tu. Tangu mzee wangu afe, imelala."

Awor, mkewe, alikuwa mlangoni anamenya karanga. Bonde lile lilikuwa la viazi vyake, vile vilivyowavusha kila mwaka miezi ya njaa. Alimtazama mumewe jinsi mtu anavyomtazama kuku anayejipeleka jikoni.

Phiona alifurahi kweli. Alieleza kwamba anatengeneza modeli, yaani Tororo na Busia nzima zikiwa ndani ya hesabu, ili ijulikane wakulima watafanya nini bei ya mafuta ikipanda, na hewa chafu itapungua kiasi gani. Wasio na ng'ombe, wenye ardhi iliyolala, wangepanda mbarika ikamuliwe dizeli, ili malori yanayopanga foleni mpakani yachome mbegu badala ya mafuta ya Waarabu. Wenye ng'ombe wangejengewa mtambo wa gesi ya samadi, ili mavi yapike chai badala ya kupanda mbinguni kuipika dunia. Ndani ya modeli hiyo mlikuwa na mkulima wake, mtu wa ajabu: haumwi, hana shemeji, haziki mtu msimu wa palizi, na kila asubuhi anapiga hesabu ya bei za dunia kabla ya kunawa uso.

"Wewe unafanana naye kabisa," Phiona akamwambia.

Ochwo aliichukua kama sifa.

Wiki ileile gari ikafika Mella kwa Otai. Huyu naye alikuwa mwongo, ila wa dini nyingine. Ochwo alidanganya kwa kutoa, Otai kwa kujumlisha. Tangu utoto wake alikuwa amengoja mtu amuulize habari za ng'ombe, na ulipofika wakati wake hakuupoteza. Alinyoosha mkono kutoka mwanzo wa zizi hadi mwisho.

"Hizi zote zangu," akasema. Aliye wake mle ndani alikuwa mmoja, mzee, chongo.

Hivyo uongo wa Nagongera ukakutana na uongo wa Mella ndani ya kompyuta, ukapatana nao kama pete na kidole. Otai akachimbiwa shimo, akajengewa kuba la saruji, bomba likaingia jikoni. Mkewe Alungat, aliyepika miaka yote akilia kama mwenye msiba kwa sababu ya moshi, akawa anapika macho makavu, moto wa buluu ukinong'ona chini ya sufuria. Ochwo alipokwenda kuwatembelea alikunywa chai ile akacheka mpaka akashika mbavu.

"Ndugu yangu, umewaambia ni zako?"

"Wameuliza za nani ziko hapa. Zilikuwa hapa."

"Sawa. Mavi ni yako. Fanya unavyotaka."

Naye Ochwo akapewa mbegu za mbarika. Bonde likapandwa, viazi vikang'olewa. Mbuzi wa Awor akala majani na mbegu za ile dizeli, akafa akiwa amevimba kama mbunge. Awor alimzika mbuzi, kisha akawa anampakulia mumewe ugali bila kumwuliza kama umetosha.

Balaa lilianzia Busia. Arnold, mtoto wao wa kiume wa pekee aliyebaki, alikuwa huko akiwaandikia wafanyabiashara karatasi za forodha, na huko akampata Joan, binti wa Kisamia kutoka Bulumbi. Joan alikuwa na mimba ambayo haikuhitaji modeli kuikadiria. Baba yake mdogo, Edgar, akaja Nagongera amevaa koti, akakaa, akakataa soda.

"Sisi hatuna ugomvi na kijana," akasema. "Lakini mnajua mambo. Mtoto akizaliwa kabla ng'ombe hawajaingia kwetu, mtoto ni wetu. Ataitwa jina letu, atalala kwetu, na siku akifa atazikwa kwetu. Mnaweza kuja kumsalimia Krismasi."

"Ng'ombe ziko," Ochwo akasema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kutamka maneno hayo mbele ya mgeni.

Kesho yake alikuwa Mella na kamba begani. Otai alimwona kwa mbali, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa shati safi, na mtu akivaa shati safi kumpokea rafiki wa zamani, ujue mambo yameharibika.

"Ndugu, haziwezi kutoka."

"Zina homa?"

"Zina mradi. Walisema nisiguse miaka kumi. Zikiondoka, wanakuja kung'oa bomba. Na si kwangu peke yangu. Walisema kijiji chote kitatoka kwenye ile hesabu, kwa sababu mimi ndiye mfano."

"Otai. Hizo ni ng'ombe yangu."

"Najua. Wewe unajua, mimi najua, ng'ombe yenyewe inajua. Kompyuta ndiyo haijui."

Wakaenda wote wawili ofisi ya mradi Tororo mjini. Phiona aliwapokea vizuri, akawapa maji ya chupa, akafungua kile kioo chake.

"Mzee Ochwo, wewe huna ng'ombe."

"Nilidanganya, madam."

"Mzee, kila mtu akisikia kuna bomba anakuja kusema alidanganya. Juzi alikuja mtu hapa hana hata mbwa."

"Mwulize huyu."

Phiona akamgeukia Otai. Otai akatazama viatu vyake, kisha akasema, "Ni zake, madam. Mavi tu ndiyo yangu."

Phiona hakuwa mtu mbaya. Alieleza polepole, kama anavyoelezwa mgonjwa, kwamba hewa ambayo ng'ombe wale hawaichafui imekwisha kuuzwa. Kuna kampuni ya ndege huko kwenye baridi ilinunua miaka yote kumi, ili ndege zake ziruke bila dhambi. Ng'ombe wakihama, mauzo yanakuwa uongo.

"Wameuziwa mavi?" Ochwo akauliza.

"Hapana mzee. Wameuziwa moshi ambao haukutoka."

Ochwo alikuwa mtu wa mpakani. Ameona sukari ya mchanga, petroli ya mafuta ya taa, na saa za dhahabu zinazoota kutu kabla hujafika nyumbani. Lakini mtu kuuza moshi ambao haukutoka, na mnunuzi akashukuru, hilo hakuwahi kuliona hata soko la Busia siku ya mnada. Alivua kofia. Hata katika shida yake ilibidi amheshimu mwenye akili ile.

"Sasa mjukuu wangu nitamwandika wapi kwenye hiyo modeli?"

Phiona alitazama kioo muda mrefu. "Haina sehemu hiyo," akasema, na sauti yake ikawa ndogo.

Edgar aliposikia ng'ombe wako Mella alitaka kuwaona kwa macho. Akaja na wazee wawili wa Bulumbi, wakasimama zizini, wakawashika mikia, wakafungua midomo kutazama meno. Otai akaulizwa mbele yao wote ni wa nani. Alisema ukweli, akaongeza na ule wa miaka kumi. Wazee wakasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni ng'ombe wa kutazama," Edgar akasema. "Ng'ombe wa kutazama hata mimi ninao, kwenye simu. Sisi tunaoa na kuoza kwa ng'ombe wanaotembea. Joan ameingia mwezi wa mwisho. Mzee, sisi tunakwenda."

Wakaondoka kwa boda boda tatu. Alungat, ambaye hakuwa na jambo jingine la kufanya, akawatengenezea chai wale wawili waliobaki. Ochwo akaketi jikoni kwa Alungat akiitazama sufuria ikichemka juu ya ng'ombe wake mwenyewe. Chai ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililomuuma. Kama ingekuwa chai mbaya angejua afanye nini.

Aliweka kikombe chini, akachukua kamba yake, akaenda kufungua mlango wa zizi.

Otai alimwona. Aligeuza kiti akaangalia barabara.

Ochwo akaingia katikati ya ng'ombe, akawaita kwa majina, yale aliyowapa yeye mwenyewe. Hakuna aliyegeuka. Akapiga mluzi. Yule mweupe wa mbele, bibi wa wengine wote, alimtazama kidogo kama mtu anayejaribu kukumbuka deni, kisha akaendelea kucheua. Miaka mingi walikuwa wanakunywa maji kwa mkono wa Alungat. Ochwo alivuta, akasukuma, akatukana kwa Kidhopadhola, lugha ya kwao, ambayo ng'ombe wale hawakuielewa tena.

Akatoka akiwa amelowa, akasimama mlangoni pa jiko.

"Mama," akamwambia Alungat, "hazinijui."

"Naona."

"Wewe ukiziita zitatoka."

Alungat alikuwa anafuta meza, meza safi isiyo na masizi. Akaendelea kuifuta mahali palepale. "Unaniambia niite hizo ng'ombe zitoke, halafu nirudi hapa nipikie nini? Ulimi wako?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Ochwo hakupata hata uongo wa kusema.

"Wewe na huyu," Alungat akasema, akimwonyesha mumewe kwa kitambaa, "mmoja anasema sina, mwingine anasema ninazo. Mmekaa hapo mnacheka, mnakunywa chai yangu. Mimi hakuna aliyeniuliza niko na nini." Kisha akauliza, "Huyo msichana, ni mimba ya kwanza?"

"Ya kwanza."

Alungat akaenda kwenye jiko la gesi, akazima moto. Alitoka nje, akapita kati ya wanaume wawili bila kuwatazama, akafungua kinywa na kuita kwa Kiteso, sauti ndefu ya chini. Zizi lote likainuka. Aliwatangulia mpaka barabara kubwa, akamkabidhi Ochwo yule mweupe. Yule ng'ombe mzee wa chongo wa Otai naye alikuwa amefuata wenzake. Alungat akamshika sikio, akarudi naye.

Ng'ombe waliingia Bulumbi wamechoka, mmoja anachechemea, na Edgar akakubali soda. Mtoto alizaliwa siku chache baadaye, wa kiume, na akapewa jina la babake Ochwo. Awor alikwenda kumwogesha, akakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Katika sherehe Ochwo alitenga kiti karibu na chake. Otai hakuja.

Dizeli nayo ikafa kimya kimya. Bei ya mafuta ya dunia ilishuka, kiwanda cha Busia kilichokuwa kikamue mbegu kikafunga geti, na yule mkulima wa ndani ya kompyuta bila shaka aliamka asubuhi, akapiga hesabu, akapanda kitu kingine. Ochwo alibaki na magunia ya mbegu zisizolika na bonde la mashina makavu. Mradi haukung'oa bomba la Otai, kwa sababu haukuambiwa. Phiona akipiga simu kuuliza ng'ombe, Otai anasema wako malishoni, na Phiona, ambaye ana wakubwa wake wa kuwaandikia, haulizi malisho yenyewe yako wilaya gani. Moshi unaendelea kutotoka. Kampuni ya ndege inaruka bila dhambi.

Mwisho wa kiangazi Ochwo aliyakata mashina yale ya mbarika, akafunga mzigo mkubwa, akapanda nao boda boda hadi Mella. Alimkuta Otai ameketi mbele ya nyumba. Otai alijibu salamu, neno moja tu, akageukia redio yake.

Alungat alikuwa nyuma ya nyumba, mbali na barabara. Alikuwa amechuchumaa kwenye mafiga matatu chini ya mabati mawili yaliyoinamishwa kuficha moto usionekane na gari la mradi, amefunga kitambaa puani, na machozi yanamtiririka. Zizi lilikuwa na yule chongo peke yake.

"Nimeleta kuni, mama," Ochwo akasema.

Aliutazama mzigo, akachomoa shina moja, akalivunja kuona kama limekauka.

"Hizi zinatoa moshi mbaya."

"Ndizo ziko."

"Weka hapo ndani, zisionekane kutoka barabarani." Akaingiza shina lile motoni, akainama kulipuliza. "Halafu uende. Otai hataki kukuona hapa, na mimi sina gesi ya kukupikia chai."