Konokono Wangu wa Mombasa na Omena ya Mama Achieng

Mkinicheka, chekeni polepole, maana bado nina hasira na kichwa changu mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa sayansi hapa Homa Bay. Juzi tulipeleka kwaya ya shule Mombasa, nami nikarudi na jiwe ndani ya ndoo. Juu yake walikuwa konokono wa baharini wenye gamba kama kofia ndogo, wale wanaong'ang'ania mwamba hata wimbi lipige vipi. Nikajua siku ya wazazi nitang'ara mbele ya inspekta wa elimu.

Maji ya bahari yalimwagika njiani. Nikajaza ya ziwani, yasiyo na chumvi, nikaiweka ndoo darasani. Kwa mtu wa ziwa kama mimi, maji si ni maji tu?

Baada ya siku chache darasa likaanza kunuka. Nikatoka mbio hadi kwa Mama Achieng, anayeanika omena, wale dagaa wa ziwani, kando ya ua wa shule, nikamfokea mbele ya wateja wake mpaka akahama.

"Yawa, mwalimu! Omena yangu imekauka, hainuki hivyo!"

Sikumsikiliza.

Siku ya wazazi nikasimama nimetunisha kifua. "Inspekta, mvute konokono huyo kwa nguvu zako zote. Huyo hatoki!"

Akakunja mikono ya shati, akavuta. Konokono akatoka bila ubishi wowote. Inspekta akaanguka chali, uozo ukamtapakaa kwenye tai, na wazazi wote wakaziba pua.

Kule nyuma akasimama mzazi mmoja. Alikuwa Mama Achieng.

"Mwalimu," akauliza kwa upole, "sasa naweza kurudisha omena yangu?"