Siku Nilipoivunja Kazi ya Daktari Nalini

Mwanangu, ipo siku moja hainitoki kichwani, na leo kwa kuwa umekaa karibu nitakuhadithia. Niache nimalize ndipo uulize, maana nikikatizwa nakuwa mkali, na wewe wanijua.

Nilikuwa msichana wa mtaa wa Jamhuri, na kazi yangu ya kwanza niliipata kwa Daktari Nalini, katikati ya jiji, ghorofa ya tatu juu ya duka la vitambaa. Babu zake walitoka India. Yeye alizaliwa Ngara, na Kiswahili chake kilikuwa cha hapa hapa Nairobi. Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nilijibu kwa madaha kwamba naunganisha hekalu la Misri. Walicheka, nami niliwaacha wacheke.

Zamani sana mfalme mmoja wa Misri alijenga hekalu, akachongesha picha na maandishi kuta nzima. Alipokufa, waliomfuata wakalibomoa, wakayashindilia mawe yake ndani ya kuta zao kama kifusi. Kumbe kule gizani ndiko yalikotunzika. Wachimbuaji walipoyatoa, kila jiwe lilikuwa na kipande tu: pua ya ng'ombe, nusu ya jina, vidole visivyo na mtu. Sisi tuliletewa picha zake, zote kwa kipimo kimoja, tutafute jiwe lipi lilikaa kando ya lipi.

Daktari alikuwa na desturi yake. Muungano wa mawe mawili haukubaliki mpaka mtu wa pili ajaribu kuuvunja. Huyo tulimwita mvunjaji, na akishindwa anatia sahihi nyuma ya picha.

Basi alipokaribia kustaafu, Daktari akapata muungano uliomfurahisha kuliko yote: kwenye jiwe moja bega la binti mfalme, kwenye la pili mkono mdogo ukimpa baba yake ua. Alikuwa ameutafuta huo mkono tangu ujana wake. Ungekuwa ukurasa wa kwanza wa kitabu chake, na kabla ya hapo angeuonyesha kwenye mhadhara wake wa kuaga, katika ukumbi mmoja kule Upper Hill. Akaniteua mimi niwe mvunjaji.

Nikabandua karatasi nyeusi iliyofunika ukingo wa picha ya ule mkono. Chini yake kulikuwa na rula iliyopigwa picha pamoja na jiwe, na namba zake zilikuwa kinyume, kama uzionavyo kwenye kioo. Picha ilisafishwa kinyume, mwanangu, kushoto kukawa kulia. Wamisri walichonga maandishi yao kuelekea kulia au kushoto, yote sawa, kwa hiyo hakuna jicho lililoshtuka. Ukiigeuza inavyotakiwa, mkono unaelekea kwingine kabisa na bega linabaki bila mkono. Nikairudisha ile karatasi nyeusi mahali pake, nikaenda nyumbani.

Jumapili baada ya kanisa nikamweleza mama.

"Nyamaza," akasema. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyo mama alikuchukua hujui kitu. Leo umwaibishe uzeeni mwake, akufukuze, ukale wapi?"

"Na kitabu kikitoka na kosa?"

"Kitabu ni chake, Mumbua. Si chako."

Mama nilimpenda, lakini chakula kilinishinda siku hiyo. Niliwaza: penye wazee haliharibiki neno, sawa, ila hili limeharibika na mzee mwenyewe hajui. Nani amwambie?

Jumatatu Daktari akanisogezea picha na kalamu, anatabasamu. "Haya, tia sahihi tunywe chai."

"Siwezi, Daktari. Nimeivunja."

Nikambandulia ile karatasi. Alizitazama zile namba kwa lenzi. Akachukua karatasi angavu ya kunakilia, akauchora ule mkono, akaigeuza, akaiweka kando ya bega. Haukushika. Akajaribu tena, taratibu, halafu akavua miwani, nami nikaona macho yake yamelowa. Nilitamani ardhi inimeze.

"Umejua lini?"

"Alhamisi."

"Na ukakaa nayo mpaka leo?"

"Nilikuheshimu, Daktari."

"Hapana, Mumbua. Hiyo ni woga. Ukiniheshimu hutaniacha nisimame mbele ya watu na kitu iko kinyume."

Akaenda kutengeneza chai mwenyewe. Nilijua kazi imekwisha, nikaanza kukusanya vitu vyangu. Akarudi na vikombe viwili, akaniuliza naenda wapi.

Siku ya mhadhara ukumbi ulijaa, na mama alikuja na gauni lake la Pasaka. Daktari akawaonyesha lile bega, na kando yake nafasi tupu. Akasema, "Hapa nilikuwa nimeweka mkono. Ungewapendeza sana. Lakini haukuwa wake, na aliyenionyesha ni msichana huyu. Simama, Mumbua, wakuone."

Nikasimama. Na unajua nani alipiga kigelegele cha kwanza? Mama, yuleyule wa nyamaza. Sijawahi kujivunia jambo kama ile nafasi tupu, na kitabuni imo mpaka leo, ukurasa wa kwanza.

Sasa wewe. Juzi nilikupa muungano wangu uuvunje, ukaniambia "iko sawa, Mama" hata lenzi hujaigusa. Nilikuona. Macho yangu yamezeeka, mwanangu, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Heshima si utumwa. Mkubwa wako akikosea, mwambie, kwa adabu, mkiwa wawili, na mapema. Usingoje Jumatatu kama mimi. Akikasirika, mpe muda anywe chai yake. Na siku utakapokuwa mkubwa wewe, usimfiche aliyekukosoa.

Mungu akupe jicho la kuona na ulimi wa kusema bila kuumiza. Akupe wazee wasioogopa kuvunjwa. Haya, chukua lenzi, anza upya, na nikiwa nimekosea, mimi mwenyewe nitawaambia watu: simama, mwanangu, wakuone.