Pasi ya Mwisho ya Baba

Sisi watoto wa reli tulikuwa na maringo yasiyo na sababu. Nyumba yetu pale Konza ilikuwa chumba kimoja na jiko, rangi imebambuka, lakini ukituuliza tunakaa wapi tulijibu "kwa shirika", kidevu juu. Kazi ya Baba ilikuwa kubadilisha njia za reli na kupeperusha bendera ya kijani ili treni iondoke; giza likiingia, aliinua taa ya kijani. Nilipokuwa mdogo niliamini kabisa kwamba nchi nzima haiwezi kusogea bila mkono wake. Nadhani hata yeye aliamini.

Mwishoni mwa miaka ya tisini reli ilikuwa imechoka. Treni za abiria zilipungua, na zilizobaki zilichelewa mpaka watu wakaacha kuuliza saa. Nyasi ziliota katikati ya mataruma. Wenzake Baba walipunguzwa kazini mmoja mmoja, wakarudi kwao Kola na kwingineko kulima. Zamu yake ilipofika alipiga viatu rangi tu kama siku zote.

Mama ndiye aliyekumbuka pasi. Kila mwaka mfanyakazi wa reli alipewa pasi ya likizo, asafiri bure na jamaa yake. Miaka yote Baba alitupakia sisi, akatupungia bendera, akabaki kazini. Mama alikuwa amekwenda Mombasa kwa dada yake mara nyingi, na hata siku moja hakuwa amesafiri na mumewe. Sasa pasi ilikuwa imebaki moja tu.

"Mimi niko na pasi na niko na bwana," alisema akifunga mzigo, "na hatujawahi kaa kiti moja. Safari hii utapanda, ama hakuna mtu anaenda."

Alipanda. Alivaa suti ya kanisani, akaketi kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Kila stesheni alichungulia dirishani kukagua kazi ya wengine. "Huyo amechelewa kuinua taa," alinung'unika. Mama alikuwa na furaha ya kutia aibu; alimenya machungwa na kumlisha mbele za watu.

Kulipokucha tulisimama Mariakani. Mkuu wa stesheni pale aliwahi kufanya kazi na Baba kule Konza, na habari za kuachishwa kwake zilikuwa zimemfikia. Alimwita ashuke wasalimiane.

"Nakuja saa hii," Baba alimwambia Mama.

Walishikana mikono, wakacheka, kisha mwenzake akamkabidhi bendera ya kijani ili aage kazi nayo. Baba alinyoosha koti. Akasimama wima, akaipeperusha vizuri kuliko nilivyowahi kumwona. Treni ikapiga honi, ikaondoka. Alikuwa ameiruhusu yeye mwenyewe, naye yuko chini.

"Aiya!" Mama alipiga kelele dirishani. "Wee mwanaume! Panda!"

Baba aliendelea kupeperusha mpaka behewa letu lilipompita. Ndipo mkono wake ukashuka. Abiria walicheka hadi wakakohoa, nami nikacheka pamoja nao. Mama aliyatazama maganda ya machungwa mapajani mwake, akaanza kulia.

Tulipofika Mombasa alikataa kuondoka stesheni. Dada yake alikuja, akambembeleza, akachoka, akarudi nyumbani peke yake. Alasiri Baba akafika katika behewa la gadi, nyuma ya treni ya mizigo, suti imejaa vumbi. Alitembea polepole kuja tulipokaa, akijua ana makosa. Mimi nilisubiri vita.

"Umekula?" Mama alimuuliza.

Nampenda mama yangu kwa swali lile kuliko kwa mambo mengine mengi aliyonifanyia.

Siku ya kurudi, treni ilisimama tena Mariakani, jioni. Baba akainuka nusu, mazoea tu. Mama akamshika ukosi wa koti.

"Kaa. Hiyo kazi iko na mtu."

Akaketi. Nje, mtu mwingine aliinua taa ya kijani na treni ikasogea. Baba aliitazama ile taa mpaka ikapotea, kisha akalaza kichwa begani kwa Mama, mbele ya abiria wote, na Mama akamwacha alie.