Hodi Tatu Bomani

Kila nikifungua chupa ya chai, iliki ikanipanda puani, narudi kwenye zile nyasi zilizolowa. Mjomba alikuwa ametutoa Aston, mtaa wetu wa ughaibuni, kwa gari, mimi na nyanya, kwenda mashambani kuona boma la watu wa kale. Nilidhani ni udongo tu. Kumbe ukuta wake wa nyasi ulikuwa mrefu kuliko paa la nyumba yetu, umekizunguka kilima kizima, na handaki chini yake limemeza hata upepo.

Nilitaka kukimbilia ndani. Penye mwanya wa kuingilia nyanya akanishika mkono, akavua viatu.

“Hodi!”

Tukasikiliza. Akabisha tena. Ya tatu aliitoa kwa sauti ya chini.

Nikamwambia kwa Kiingereza, kama kawaida yangu, kwamba wenyewe walikufa maelfu ya miaka iliyopita, kibao cha maelezo pale kimesema.

“Kwa hivyo tuingie bila hodi?”

Kwake, hodi tatu zisipojibiwa, mgeni anarudi zake. Tukanywa chai pale nje. Kisha akavaa viatu.

“Hawapo. Tutarudi wakiwepo.”

Nilipofika garini niligeuka, nikautazama ule mwanya.

“Kwaherini,” nikasema, kwa Kiswahili.