Komeo ya Ndani

Fundi anaranda mbao za libuyu za kabati yangu kwa garage, na harufu yake inanirudisha kwetu Rwambuzi, wakati wa vita. Gari yetu ilikuwa imekwisha kuibwa, na baba alijenga kabati ndefu pale ilipokuwa inalala. Mimi niliota kupanga midoli yangu ndani.

"Baba, rafu ziko wapi?"

"Haina rafu, mama. Ingia, nikupime."

Vitobo vya hewa vilifika sawasawa kwenye pua yangu. Nikacheka. "Muzee, umekosea. Komeo iko ndani."

"Sikukosea. Wenye bunduki wakikuja, utafunga weye mwenyewe. Funga, nisikie kama inalia."

Haikulia. Alikuwa ameipaka mawese.

Sasa fundi ananiuliza komeo aiweke wapi.

"Inje," ninamujibu. "Inje, kaka."