Pumzi Mia za Rafiki Yangu

Tulijifunza kupiga mbizi ndani ya josho la ng'ombe, Njoro. Rafiki yangu alikuwa mwashi, na josho lile alilijenga yeye. Lilikuwa limejazwa maji kuona kama linavuja. Dawa ya kupe ilikuwa bado. Tulikuwa na wiki moja ya maji safi. Jioni tulijifunga vyuma vya plau kiunoni, vinne kila mtu, nilivihesabu mara mbili, tukashuka chini na kukaa huko kama viazi kwenye sufuria.

Wazo lilikuwa lake. Shemeji yake alisugua meli bandarini Mombasa, na alikuwa na mtungi wa hewa, ule wa kubebwa mgongoni. Alimwandikia: njoo nikuonyeshe chini ya bahari. Rafiki yangu aliibeba barua hiyo mfukoni mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Mimi sikualikwa. Nilijialika. Pale Nakuru nilikuwa nauza vyuma vikuukuu, na mwaka ule kiti kilikuwa kinanichoma. Wateja walinunua nikiwa nimesimama mlangoni natazama barabara.

Kufika pwani, bahari ikatukataa. Vyuma vinne vilituacha tukielea kama vizibo.

"Nyinyi watu wa bara," shemeji akacheka, "maji ya chumvi hubeba mtu. Avae mmoja vyote vinane, kisha mwenzake. Pumzi mia huyu, mia yule. Mtungi haujazwi tena mpaka Jumatatu."

Jumapili jioni tulikuwa na treni.

"Nitangulie mimi," nikasema.

"Kwa nini?" rafiki yangu akauliza.

"Wewe una mke. Nikifa mimi, hakuna wa kulia."

"Na ukirudi?"

"Utakuwa umejua kwamba kunarudika."

Akacheka, akanifunga vyuma mwenyewe. "Vinane. Hesabu tena, najua hutatulia."

Chini palikuwa kimo cha watu watatu. Samaki wadogo wa manjano walinipita bila kuuliza bei. Niliketi mchangani, na kwa mara ya kwanza mwaka ule miguu yangu haikutaka kwenda popote. Nikahesabu pumzi hadi mia. Kisha, kama kawaida yangu, nikaanza tena: moja.

Shemeji alivuta kamba aliyonifunga kiunoni. Nikaivuta mara mbili, ishara yetu kwamba mambo ni sawa. Nilipofika arobaini nilijua vizuri hizo zilikuwa pumzi za nani. Nilitoka kwenye tisini na kitu, hewa ilipoanza kuwa nzito kuvuta.

Rafiki yangu alikuwa amesimama majini hadi magotini, shati amelikunja vizuri juu ya jiwe. Shemeji akaufungua mtungi, akasikiliza. "Humu hamna kitu."

"Hesabu ilinipotea," nikasema.

Rafiki yangu akanitazama. "Wewe?"

Nilikuwa nimempandishia konzi ya mchanga. Niliufunga kwenye leso, akaupokea. Ndani ya treni nilishindwa kukaa. Nilitembea behewa hadi behewa. Karibu na Voi alifungua leso, akaumwaga dirishani, akaikung'uta na kunirudishia.

"Wangu nitaufuata mwenyewe," akasema.

Tuliporudi Njoro, josho lilikuwa limeshatiwa dawa. Akaniomba vyuma vyake. Nikampelekea vyote vinane, bila kuhesabu. Akahesabu vinne, mara mbili, mbele yangu, vingine akaviacha chini.